Daftari la Mke wa Diwani

MAELEZO YA SHAHIDI

Yamechukuliwa kituo cha polisi Alhamisi, tarehe 25 Februari 1988, saa nane na robo mchana.

Jina: Jedida Kache Fondo. Umri: miaka 34. Kabila: Mgiriama. Dini: Mkristo. Kazi: mama wa nyumbani, zamani mwalimu wa shule ya msingi. Makao: Ganda, Malindi.

Ni mimi niliyetajwa hapo juu. Nimeolewa na Garama Kalume, diwani wetu tangu mwaka 1983. Alipochaguliwa aliniambia niache kufundisha, kwa kuwa mke wa diwani hafai kukutwa na chaki mikononi wageni wakija. Nikaacha. Tangu hapo kila asubuhi barazani kwangu huwa na wanawake, huyu mtoto amefukuzwa shule, yule mume hana kazi, na mimi huwaambia nitamfikishia mheshimiwa. Humfikishia. Zaidi ya hapo sina uwezo wowote, ila wao hawaamini.

Mnamo tarehe 22 Februari, Jumatatu, siku ya uchaguzi wa mlolongo, mume wangu aliniamsha saa kumi na moja alfajiri akanipa daftari jipya la mistari. Alisema, "Mwalimu, wewe unawajua watu wote hapa. Kaa uwanjani uniandikie wanaopanga foleni nyuma ya picha ya Kazungu." Kazungu ndiye aliyekuwa akishindana naye. Nilimuuliza, ya nini? Akasema anataka kuwafuata mmoja mmoja awaombe warudi kwake. Afisa ameniuliza kama niliamini. Niliamini nusu, na nusu nyingine sikuitazama.

Saa mbili nilikuwa nimekaa kwenye dawati chini ya ukuta wa darasa la tatu. Dzombo, msaidizi wa mume wangu, alisimama nyuma yangu akisoma kila ninachoandika. Watu walikuwa wakipanga foleni nyuma ya picha ya mtu wanayemtaka, mchana kweupe, kila mtu akimwona mwenzake. Mstari wa Kazungu ulipita milingoti ya goli ukapinda kuelekea chooni.

Kuna jambo sikulitarajia. Watu waliponiona na daftari, walidhani mimi ni karani wa uchaguzi. Miaka tisa niliwaitia watoto wao majina asubuhi, wakaona ni kazi ileile. Basi wakawa wanatoka mstarini kuja kuhakikisha. Bibi mmoja aliniletea kipande chake, kadi ya kura, akasema, "Niandike vyema mwalimu, kura yangu isipotee." Nilimwandika. Hakuna hata mmoja niliyemwambia kwamba lile si daftari la serikali. Dzombo alikuwa nyuma yangu, lakini mdomo ulikuwa wangu.

Mtu wa sitini na tatu alikuwa Kitsao Fondo, ndugu yangu wa tumbo moja. Yeye ni mgema, minazi ya watu wengi pale Ganda huipanda yeye. Aliniambia akicheka, "Dada, usiniruke. Shemeji atanuna, lakini atazoea." Niliinua kalamu. Dzombo akakohoa. Nikaandika.

Majina yalifika mia moja na kumi na mawili. Saa sita na nusu mume wangu alitangazwa mshindi. Mistari yote miwili niliiona, wa mume wangu haukufika golini, na juu ya hilo sikuulizwa.

Jumanne tarehe 23 nilipika pilau ya wageni kutwa nzima. Jioni nililitafuta daftari kabatini nisilione. Mume wangu alisema liko kwa Dzombo. Nikauliza, la kazi gani tena na wewe umeshinda? Akasema, "Mwalimu, wageni hawajapata maji ya kunawa."

Jumatano tarehe 24, saa tatu asubuhi, Kadii, mke wa Kitsao, alikuja mbio hadi barazani, miguu mitupu. Alisema, "Wifi, wako kwetu. Wana daftari, wanasoma majina." Niliingia ndani. Mume wangu alikuwa akinywa chai. Nilipiga magoti, jambo ambalo sijawahi kulifanya tangu anioe. Alisema niwaambie watu amekwenda Kilifi. Gari lake lilikuwa mlangoni.

Tulikwenda kwa miguu, mwendo wa nusu saa. Nilimkuta Kitsao chini ya mnazi wake, mguu wa kulia umepinda mahali pasipo na kiungo. Vijana sita walikuwa wanatoka uani. Mmoja wao alishika daftari, anafuata maneno kwa kidole, neno kwa neno, midomo ikicheza. Kusoma hivyo nilimfundisha mimi, darasa la kwanza. Aliponiona aliteremsha rungu akasema, "Shikamoo mwalimu." Niliitikia marahaba. Sijui kwa nini niliitikia. Wakaenda kwa jina la sitini na nne.

Saa tano na nusu tulimfikisha hospitali kwa pikapu ya Muhidin mwenye duka. Daktari alisema mfupa umevunjika mara mbili na kupanda minazi asahau. Kitsao hakulia. Aliniambia tu, "Dada, mimi nilidhani unaandika ya serikali."

Mume wangu amenileta hapa leo kwa gari lake. Njiani alisema, "Utasema ulikuwa jikoni." Sasa yuko chumba cha pili na mkubwa wa kituo. Nasikia wakicheka.

Nimeulizwa kama nilimsikia mume wangu akiagiza watu wapigwe. Sikumsikia. Nimeulizwa majina ya wale vijana. Nayajua yote sita. Nikiyaandika watafungwa wao, na aliyewapa daftari atarudi sebuleni kwangu kula chakula cha jioni, na mimi ndimi nitakayempakulia. Afisa amenipa karatasi na kalamu, amesema niandike nitakaoweza. Ninaona aibu na ninaogopa, na sijui kipi kimezidi.

Nimesema niliyoyaona na niliyoyafanya, sikulazimishwa.

Sahihi: J. K. Fondo

Maandishi ya afisa: Nimemsomea shahidi maelezo haya kwa Kiswahili, amekubali ni sahihi, hakutaka kurekebisha lolote. Karatasi ya majina imeambatanishwa. Ina jina moja, Jedida Kache Fondo. Shahidi ameondoka kituoni saa kumi na dakika tano kwa gari la mumewe.

Koplo A. Mahadhi