Tableti ya Mama Zawadi

Jumanne

Nimechoka, na kosa ni langu mwenyewe. Mama Zawadi, muuza dagaa wa Kibirizi, aliniletea tableti yake ya zamani, nzito, imejaa programu za kiwandani zisizofutika. Nikairuti, yaani nikajipa mamlaka yote ya mfumo wake, ili nizitoe. Kwa tableti ya aina ile, kazi hiyo hufuta kila kilichomo. Sikumuuliza ana nini humo.

Leo kaiwasha hapa dukani, akafurahi. "Imekuwa nyepesi, fundi! Video ya mama yangu akiimba Kiha iko wapi?"

Nilitaka kusingizia ubovu. Nikashindwa. "Nimeifuta, mama. Nisamehe. Hatuwezi kumrekodi tena?"

"Tangu apooze hasemi."

Hakunigombeza. "Ungeniuliza tu," akasema, akaondoka nayo.

Inafanya kazi vizuri kabisa.