Nyota Iliyotembea Jioni ya Mwezi wa Idi

Mjukuu wangu Salma,

Salamu zikufikie huko Riyadh. Sie wa Jeddah wazima. Shangazi yako kapata ikama mpya, kile kibali cha kuishi hapa, kutwa anacheka peke yake.

Umeniuliza kama ni wazimu kutaka kwenda Urusi kusomea roketi, maana baba yako hataki hata kusikia. Mie nna kisa kimoja tu.

Nilikuwa mdogo, ndiyo kwanza tumehamia Balad, mji mkongwe wa hapa Jeddah, kutoka Unguja. Ya tabu tuyaache. Jioni moja tulipanda juu ya paa kutafuta mwezi wa Idi, nikaona nyota inatembea, polepole, kimya.

"Hicho chombo cha angani cha Warusi," baba yangu akasema. Alikuwa kasikia redioni kuwa vyombo vyao vinapita.

Mama akagomba, "Mwezi uko huku nyie!" Baba hakugeuka. Alinibeba mabegani, akasimama kwa ncha za vidole, kana kwamba kimo chake kingenifikisha.

Jana nimempigia baba yako nikamsimulia haya. Mwisho nikamwambia, "Mwanangu, mabega unayo."

Akaniuliza kama Balad bado wanauza makoti mazito.

Akupendaye,
Bibi yako