Sita Imelala

Rosaline Nyaruai Waithaka (Mama Muchiri), wa kijiji cha Kwanza, Trans-Nzoia

Ni mwaka mmoja sasa, Mum, tangu mashine yako ya kushona inyamaze. Bado iko pale dirishani. Baba anaipanguza vumbi kila asubuhi, halafu anakaa kwa kiti yako kidogo, ati anatafuta miwani.

Ulikuwa fundi wa yunifomu za shule, lakini mtu akikuja kuchukua sketi ya mtoto anakuta nyumba imejaa wanaume wanajifunza gitaa. Wale wametoka jela, wale pombe ilikuwa imemaliza, wote uliwapeleka uwanjani kucheza mpira. Hukuuliza mtu alifanya nini. Uliuliza tu, "Unataka namba gani?" Asiyeweza kukimbia ulimpea ngoma akae kando apigie wenzake. Ukaiita Timu ya Kwanza. Hata tukimaliza wa mwisho, si bado ni ya Kwanza?

Namba za jezi ulishona wewe mwenyewe. Ya Kipketer, yule ulimtoa kwa mtaro njia ya Endebess, ulishona sita ikakaa juu chini. Tukaenda Bungoma kucheza na timu ya rafiki yako Wilkista, refa akapuliza filimbi hata mpira haujaguswa.

"Mama, hii timu yako iko na tisa mbili!"

"Hapana, refa. Hiyo moja ni sita. Imelala tu."

"Sasa mimi niandike nini?"

"Andika sita. Itaamka."

Watu wakacheka mpaka Wilkista akaangusha ngoma. Kipketer pia akacheka, na hiyo ndiyo siku ya kwanza tuliona meno yake. Ulikataa kabisa kuifumua. Na yeye akakaa miaka mitatu bila kuonja pombe.

Tulipokuzika alikuimbia mpaka udongo ukaisha, akaweka jezi juu ya mashine yako, akapotea. Tukasikia amerudi kwa chang'aa. Hatutakuficha, Mum, tuliogopa. Wengine nao wakaanza kukosa mazoezi. Tukaona kama huyu ameenda, kazi yako yote inamfuata.

Tukataka kumpea mtu mwingine hiyo jezi. Baba akakataa. "Wacheni namba ya mwenyewe," akasema. "Amelala tu." Kila Jumapili baada ya kanisa akawa anaenda kumtafuta. Hakumhubiria. Alimwambia, "Kipketer, mazoezi ni Jumanne," akarudi nyumbani.

Jumamosi iliyopita tulikuwa Bungoma tena. Tuko kumi uwanjani, jezi moja kwa begi. Refa ameshika filimbi, tukaona mtu anavuka barabara, amekonda, viatu mkononi. Akasimama mbele ya Baba.

"Mzee, namba yangu bado iko?"

Baba akafungua begi.

Tulifungwa tatu bila, Mum, usishtuke. Lakini alicheza dakika zote, halafu akaomba gitaa. Wilkista akamzunguka, akaangalia mgongo, akaita watu:

"Kujeni muone, bana! Sita imeamka!"

Sasa ni wewe umelala. Lala salama, Mum.

Unakumbukwa na mume wako Waithaka, watoto wako Wamboi na Muchiri, dada yako Sandra, Wilkista na watu wake wa Bungoma, na Timu ya Kwanza yote, Kipketer akiwemo.

Daima tutakukumbuka. Namba yako hatupei mtu.