Kuponi Yenye Jina Langu

Nyakato, Mwanza
9 Julai 1974

Kaka Gosbert, shikamoo.

Leo nimepewa kuponi za chakula, kaka. Hapa kiwandani vibarua hawapewi, kwa hiyo sasa mimi ni mwajiriwa kamili. Kila zamu unatoa kuponi moja dirishani kantini, unapewa ugali na sato. Haikatwi kwenye mshahara, wala huwezi kumpa mwingine, maana ina jina lako. Miezi kumi na minane nimewatazama wenzangu wakila. Mpishi kaniambia, "Bibie, leo usitazame. Kaa."

Barua yako ya kuniita nirudi Bukoba niolewe nimeisoma huku natafuna. Sirudi. Ile rubisi ya posa uliyokwisha kunywa bila kuniuliza, anza kukamua ndizi uirudishe.

Mdogo wako aliyeshiba,
Adventina