Siku Nilipokubali Kusimama Penye Kiboko

Mjukuu wangu Chilongola, mume wangu mdogo uliyenikimbia,

Sijui uko wapi. Wengine wanasema pwani, mnapasua mawe. Wengine wanasema mlipandishwa meli. Kwa hiyo barua hii sikuifunga. Nampa mtu wa garimoshi, naye atampa mwenzake, na yeyote anayejua kusoma aisome kwa sauti popote anapoona watu wana mnyororo shingoni. Bwana wa kambi akiisikia, na asikie. Mimi ni kikongwe, ataninyang'anya nini?

Na usicheke mwandiko. Nimekaa mwaka mzima kwenye benchi la wamisionari pamoja na watoto wasiojua hata kufuta kamasi, nikifundishwa a na e. Waandishi wa barua wapo, lakini maneno haya sikutaka yapite kinywani mwa mtu mwingine.

Unakumbuka ulipoanza kazi ya kufunga vidonda pale kambi ya reli, Ihumwa? Ulikuja na vitambaa vyeupe kwenye mfuko, ukasema, "Bibi, kaa hapo nijifunzie." Ukanifunga goti zima, na goti halikuwa na kidonda. Nikakuuliza, "Mume gani huyu anamfunga mkewe kama mbuzi?" Ukanionyesha: unaanza chini, unapanda juu, hukazi sana damu ikakosa njia. Mimi niliyezalisha wanawake wa vijiji vitatu, nafundishwa na mtoto niliyempokea kwa mikono hii! Nilijivuna. Wewe sikukuambia, lakini majirani walichoka kunisikia.

Siku nyingine ulikuja na rafiki yako Salimu, yule Mrangi wa Kondoa. Aliuchota mlenda wangu, ukanyooka kutoka bakulini hadi mdomoni, akasema, "Bibi, mboga hii naivuta au inanivuta?" Nikamwambia Warangi hawana adabu. Akala mabakuli mawili.

Kisha ukaacha kucheka. Ukanieleza kwamba mko sita kwa kambi nzima, mnalala chini pamoja na wagonjwa wa ndui, na wawili kabla yenu mmewazika nyie wenyewe. Mshahara kila mwezi ukaja kwa mdomo tu. Lakini kilichokutafuna hasa ni kiboko. Karatasi ya serikali ilisema mtu asipigwe hamsa ishirini, fimbo zile ishirini na tano, bila mtabibu kusimama pale, aweke mkono kifuani aone kama moyo utahimili. Daktari Mjerumani alikuja mara moja kwa mwezi. Waliosimama ni nyie.

"Bibi," ulisema, "Jumatatu naufunga mgongo wa mtu. Jumatano naulizwa kama umepona vya kutosha kupigwa tena."

Nami nikakujibu nini? Nilisema kazi ni kazi, vumilia. Ndiyo, nilisema. Sifichi.

Hukunisikiliza. Mlikunja vitambaa vyenu wote sita, mkakaa chini mbele ya banda la wagonjwa. Mkasema mnataka mshahara wenu, mnataka banda lenu la kulala, na kiboko hamkisimamii tena. Siku ya kwanza Bwana wa kambi alicheka. Siku ya pili alizuia pipa la maji lisifike kwenu, na jua la kwetu unalijua. Wagonjwa ndio waliowapitishia maji kwa kata. Siku ya tatu akatuma askari. Walikuja na vitako vya bunduki. Salimu aliinua mkono akinge kichwa, mkono ukavunjika kama ukuni. Wewe ulipasuliwa mdomo. Mkafungwa kwenye vigingi juani, mkahukumiwa hamsa ishirini kila mmoja.

Lakini hawakuwapiga. Karatasi ilitaka mtabibu, na watabibu wote walikuwa kwenye vigingi. Siku tatu Ihumwa haikusikia kiboko, wala chenu wala cha wachimba reli.

Ndipo shaushi, mkubwa wa askari, aliponikumbuka. Alifika kwangu akavua kofia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Bwana amesikia wewe ni mkunga, unajua mwili wa mtu. Anataka kesho usimame mahali pa mjukuu wako. Ukisema basi, tunaacha."

Ona ujinga wangu. Nilijiambia, fimbo ya kwanza tu nitasema basi, na mjukuu wangu atafunguliwa. Asubuhi nilioga, nikajipaka mafuta, nikavaa shanga zangu zote. Nilikwenda kama mtu anayekwenda kupokea mahari.

Uliniona toka mbali, ukapiga kelele na huo mdomo uliopasuka. "Bibi, rudi! Wasipopata wa kusimama hawawezi! Rudi nyumbani!"

Nami mbele ya watu wote nikakukaripia. "Nyamaza! Nimemzaa mama yako, nikakupokea wewe, leo unanifundisha pa kukaa?"

Wakamlaza Salimu kwanza, mkono wake umevimba kama mguu. Nikaingiza kiganja chini ya kifua chake. Moyo ulikwenda kama wa kifaranga ukikishika. Fimbo ya kwanza ikachana ngozi. Nikasema, "Basi." Bwana akaandika kitu, hakuinua macho. Fimbo ya pili. "Basi!" Ya tatu. "Basi, wewe shaushi, si ulisema basi?"

"Umesikika, bibi," akanijibu. "Tulia."

Karatasi ilitaka niwepo. Mdomo wangu haikuutaka. Nilipogeuka niondoke, askari wawili walinishika mabega wakanirudisha. Damu ilinirukia usoni, ikaingia kwenye shanga. Kwenye ya kumi na nane Salimu aliacha kulia. Zile saba zilizobaki walizimalizia juu ya mtu aliyenyamaza. Alikufa kabla ya adhuhuri, kichwa chake kwenye paja langu, mtoto wa watu niliyemwambia hana adabu.

Ulipolazwa wewe, uligeuza uso upande wa pili. Nikaweka kiganja. Ulisema neno moja tu, taratibu: "Usiwaombe." Sikuomba. Zote ishirini na tano zilipita kwenye kiganja changu, moja moja, kutoka mgongoni mwako.

Walipokufungua nilikuja na maji ya chumvi na vitambaa vyako mwenyewe. Ukasema, "Mikono hiyo isiniguse."

Kesho yake wakawatia mnyororo. Nilikuletea kibuyu cha maziwa kwenye behewa, ukatazama ubao wa sakafu, si mimi. Nilikitupa kile kibuyu kikapasuka kwenye reli. Hadi leo nasema ulikosa adabu kumfanyia hivyo bibi yako mbele ya askari. Na nasema ulikuwa na haki. Yote mawili nayasema, chukua unalotaka.

Mwezi haukuisha, shaushi akarudi. Watabibu wapya waliowekwa mahali penu walikuwa wametoroka, na kambini kulikuwa na watu wa kupigwa.

"Shikamoo, bibi."

Sikuitikia. Tangu nizae, sijawahi kuiacha shikamoo ya mtu ikae hewani. Nilikuwa kwenye jiwe, nasaga uwele, nikaendelea.

"Bwana anakuita."

"Mwambie nasaga."

Alinipiga palepale mlangoni, fimbo tatu, nimeinama juu ya unga wangu. Hakuleta karatasi, wala mtabibu, wala mkono wa mtu kifuani. Unga wote ukawa mwekundu, nikawamwagia kuku. Akaja mara ya pili, akaja ya tatu. Sikwenda.

Sasa majirani wananibembeleza. Wanasema, unaona, hata bila karatasi wanapiga, wangempiga Salimu hata usingekwenda. Nawafukuza. Siku tatu zile hakupigwa mtu. Siku ya nne ningekaa nyumbani ingekuwaje, sijui, na sitaki mtu anijulie. Daktari angefika, mvua ingeshuka, Bwana angechoka. Mimi nilijipaka mafuta nikaenda.

Vidonda vyangu viwili vimefunga. Cha tatu kinafunguka kila nikiinama kulima. Nimejaribu kujifunga kama ulivyonifundisha, kuanza chini nikipanda, lakini huko nyuma mkono haufiki, na sitaki wa jirani. Vitambaa vyako nimevifua, nimevikunja kama mlivyovikunja siku ile mlipokaa chini. Viko juu ya kitanda chako, na sijamfunga mtu navyo.

Ukifunguliwa, njoo. Nitakuonyesha mgongo wangu kwanza, kisha utaamua kama utanionyesha wako. Ukiikataa mikono hii, ikatae. Lakini uje uikatae hapa mlangoni, nikusikie sauti.

Mimi,
Bibi yako mzaa mama, niliyekupokea, niliyesimama.