Mimi na Mpira wa Wodi ya Wazazi

Mwanangu mpendwa,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Mgongo unaendeleaje, na kazi je? Sisi huku wazima, tena tumeongezeka mmoja. Najua kaka yako ameshakupigia simu akakwambia mama kaanguka na mpira hospitali. Mwongo huyo! Alikuwa nje kwenye benchi, anatafuna karanga. Mkweo, mume wa binti yako, naye anajisifu eti kazi yote kafanya yeye. Labda kazi ya kutoka jasho. Mwenye hadithi ni mimi, nisikilize.

Mwanao aliingia wodini asubuhi, uchungu umemkolea, akang'ang'ania chuma cha kitanda hataki hata kugeuka. Mkunga akampima, baadaye akampima tena, akasema njia imefunguka nusu na haisogei. Mtoto mzima, moyo unapiga vizuri, ila mama kajikaza mno. Akaleta mpira mkubwa, ule wa kukalia, akasema akae wima azungushe nyonga, mtoto apate kushuka. Isiposogea, daktari ataitwa, pengine apasuliwe. Kusikia kupasuliwa, mwanao akalia. Kuuona mpira, akalia zaidi: utateleza, utapasuka, atamuumiza mtoto.

Hapo nikavua viatu. Nikamwambia mkunga aushike barabara, nikaukalia mimi. Na makalio haya unayoyajua, mpira ukinivumilia mimi, nani utamshinda? Nikazungusha kiuno mpaka mama wa kitanda cha pili akasahau uchungu wake, akapiga makofi. Mkunga akaniuliza nimekuja kuzaa wa ngapi. Mwanao akacheka, na alipocheka, mkono ukaachia chuma. Kuanguka sikuanguka. Nilishuka kwa haraka, basi.

Akakaa. Mumewe akamshikilia kwa nyuma, mimi nikamsugua kiuno. Uchungu ukija anaegemea kitanda, anazunguka polepole, anapumua, ukipita anatulia. Alipochoka tukamtandikia mkeka, akapiga magoti akaukumbatia mpira. Mkunga alipompima tena akatabasamu: njia imefunguka yote, hakuna cha kupasuliwa. Akasukuma kwa nguvu alizorithi kwangu, na mtoto anapotoka mwanao akapiga ukelele, akaniita Bibi, wodi nzima ikasikia. Mtoto ni wa kike, na sauti yake ni ya ukoo wetu, maana hata kaka yako kule nje karanga zilimdondoka.

Sasa, mwanangu, mkweo kanidokeza kwamba hulali, unajilaumu kwa kunyimwa ruhusa kazini. Basi nikwambie. Hiyo ya kuniita Bibi nimeitia mimi. Majirani nimeshawasimulia hivyo na sibadilishi, usije ukaniumbua. Lakini wewe ujue. Mwanao hakuniita mimi. Aliita Mama, akakuita wewe. Nikaitika mimi, kwa sauti yako kadiri nilivyoweza, akasukuma mara ya mwisho.

Wasalimie wote unaoishi nao, na ulale.

Ni mimi mama yako,
Bingwa wa Mpira