Mwalimu Javan na Hesabu za Mikunjo ya Nguo

Leo mwaka umetimia, Javan Opicho, tangu kifua kikuu kilipokutoa mikononi mwetu hapa Kayole, Machi 1996.

Ulikuwa mpole. Watoto wa Dandora uliowafundisha hesabu bado hutusimamisha njiani kututajia wema wako.

Mkeo Kageha, fundi wa cherehani, anakumbuka ilivyoanza. Alishona sketi mbili za kipimo kimoja, moja ya khaki ngumu, nyingine ya polista laini. Ya khaki ikasimama kama mwavuli, ya polista ikalegea ikateremka.

"Kwa nini?" ukauliza.

"Ndivyo kitambaa kilivyo, Baba Vivian."

Hukuridhika. Miaka sita ulitandaza vipande juu ya mkebe, ukachora vivuli vya mikunjo yake, ukahesabu jinsi kila uzi unavyomvuta jirani yake na jinsi uzito unavyoshusha pindo. Mwishowe ulikuwa unapima kipande tu, unamwambia Kageha, "Hiki kitatoa mikunjo saba." Kinatoa saba.

Ukatia daftari zako kwenye bahasha, ukampa ndugu yako Wafula, tarishi wa chuo kikuu, ampelekee Daktari Thuo wa idara ya hesabu. Baada ya wiki mbili Wafula akaleta jibu.

"Wamecheka sana, ndugu yangu. Wamesema nguo uwaachie mafundi."

Hukubishana. Ulimrudishia Kageha vitambaa vyake na hukuchora tena. Ulipokuwa umelala miezi ile ya mwisho, alikuletea kitambaa kipya akakuuliza kitatoa mikunjo mingapi. Ukageukia ukutani.

Wiki tatu baada ya kukuzika, Kageha alienda kwa Wafula kuchukua magodoro yake ambayo Wafula aliyaazima kulaza wageni wa matanga. Chini ya godoro la kitandani akaikuta bahasha. Haikuwa imefunguliwa.

"Niliona haya, shemeji," Wafula akasema. "Nimpelekee daktari mzima hesabu za sketi?"

Kageha aliipeleka mwenyewe. Daktari Thuo alisoma kwa siku nne, akamwita ofisini, akamwambia hesabu zote ni sahihi.

"Mwenyewe yuko wapi?" akauliza. "Nataka aje tufanye kazi pamoja."



Tunaokukumbuka ni mkeo Kageha, mama yako Nekesa, na wanao Vivian na Marion. Utabaki mioyoni mwetu siku zote za maisha yetu.

Wafula naye aliomba jina lake liwemo katika kumbukumbu hii. Kageha alikataa katakata, kisha akabadili nia. "Liandikeni," akasema. "Watu walisome."